Joto la Bure

Mke wa Fundi alikuwa mkata samaki. Kwa zaidi ya miaka ishirini alisimama kwenye meza ya chuma kiwandani, buti za mpira miguuni na kisu mkononi, samaki wakimjia juu ya barafu bila kwisha. Mwanzoni glavu zilitosha kuzuia baridi. Baadaye baridi ikazoea njia, ikawa inaingia na kukaa. Vidole vilianza kwa kuuma asubuhi tu, kisha asubuhi na jioni, mwishowe vikakataa kabisa kunyooka. Daktari alivibonyezabonyeza, akaandika jina refu la ugonjwa, halafu akalieleza kwa lugha ya kueleweka: baridi yabisi.

"Haiponi, mama," alisema. "Tunaituliza tu. Na kwa hali ya hewa ya huku, hata kuituliza ni kazi."

Fundi aliitwa Fundi na kila mtu, hata mkewe, hata binti yao wa pekee alipokuwa amemkasirikia. Kazi yake ilikuwa kuangalia bwela la hospitali, lile tangi kubwa la chuma lililokaa chini kabisa ya jengo, likichemsha maji na kuyasukuma kwenye mabomba hadi wodini. Wagonjwa hawakumjua, lakini bwela likigoma jengo zima lilijua. "Madaktari wanatibu," alikuwa akitania, "mimi nazuia mgonjwa asigande kabla hawajamfikia."

Nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa baridi. Walipanga vyumba viwili juu ya duka la mchonga funguo, madirisha yamezibwa nyufa kwa magazeti, na hita iliwashwa jioni tu kwa sababu umeme ulikuwa unakula mshahara kama mchwa. Mchana kutwa mke wa Fundi alikaa kitandani na soksi mikononi.

Siku moja ya majira ya baridi Fundi alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akaita, asiitikiwe. Alimkuta mkewe ndani ya beseni la kuogea. Maji yalikuwa yamepoa zamani. Alikuwa ameingia ili apate ahueni ya maji moto, kisha vidole vikakataa kushika ukingo, magoti nayo yakakataa kumwinua. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mchonga funguo chini alikuwa na mashine yake, hakusikia kitu.

Fundi alimtoa, akamfunga blanketi, akakaa sakafuni karibu naye. Mkewe hakulia. Alisema tu, "Nilikuwa nafikiria utanikuta nimekufa uchi, nikaona aibu."

Hapo ndipo Fundi alipoamua.

Habari za kuhama walikuwa nazo siku nyingi. Mpishi mmoja wa hospitali, mtu mwenye maneno mengi, alikuwa amestaafu na kuhamia nchi ya mbali, yenye joto mwaka mzima na maisha nafuu. Alipokuja kusalimia, uso wake ulikuwa uking'aa kama umepakwa mafuta. Aliwaeleza faida zote akihesabia vidole: pensheni inayokuponyoka huku, kule inakulisha na kukubakizia. Unapata nyumba yenye ua, nyanya unachuma mlangoni, daktari anakuona siku hiyo hiyo, makoti unayagawa. "Na viungo," alisema, akimgeukia mke wa Fundi, "kule vinajisahau vyenyewe."

Wakati ule Fundi alicheka. Alisema mpishi siku zote alizidisha chumvi, sasa ameanza kuzidisha na jua. Lakini baada ya siku ya beseni alimtafuta mwenyewe kwa simu, akauliza maswali ya mtu aliyekwisha kufunga virago moyoni.

Binti yao, dereva wa gari la wagonjwa, hakufurahi.

"Baba, mnakwenda kwa watu msiojua hata kuwasalimia. Mmoja wenu akianguka?"

"Mmoja wetu ameshaanguka, mwanangu. Ameanguka hapa hapa."

"Mimi je? Nitakuja kuwaona kwa mapumziko gani?"

Miezi michache baadaye Fundi alistaafu, wakauza vyombo, wakaondoka.

Mpishi hakuwa mwongo. Hilo lazima lisemwe. Nyumba ilikuwa na ua kweli, na kisima cha pampu, na baraza iliyopata jua kutwa. Joto halikuwa la kuchoma, isipokuwa msimu mmoja kila mwaka ambao kila mtu aliwaonya juu yake. Mke wa Fundi alitoka barazani asubuhi ya kwanza, akaweka mikono kwenye jua, akaiacha pale kama nguo zilizoanikwa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anafungua bomba mwenyewe. Siku moja Fundi aliingia jikoni akamkuta anamenya chungwa, ganda lote likiteremka kwa mkufu mmoja mrefu. Wote wawili wakasimama wanalitazama lile ganda kama watu walioona muujiza.

"Naweza," alisema mkewe.

"Naona," alisema Fundi.

Mama huyu alirudi ujana. Alijifunza lugha ya kule sokoni, kwa vidole na kwa makosa. Siku moja aliomba vitunguu akajikuta ameomba wajukuu, muuza mboga akacheka mpaka akashika meza, na kuanzia hapo wakawa marafiki. Alipanda nyanya. Jioni alikuwa na stori nyingi za kumsimulia mumewe kuliko alizowahi kuwa nazo katika maisha yao yote.

Fundi alizisikiliza mpaka zikapungua utamu. Wiki za kwanza alikuwa na kazi: alitengeneza pampu, akanyoosha lango, akabadilisha bawaba za kila mlango. Kisha nyumba ikawa haina tena kilichoharibika. Alikaa barazani kwenye kivuli, mikono magotini. Lugha haikumwingia. Alisema kichwa chake kimejaa mabomba, hakina nafasi. Mpishi alimtembelea mara mbili tatu, lakini mpishi alikuwa na kitu kimoja tu cha kuzungumzia, nacho ni jinsi maisha yalivyo mazuri. Fundi akaanza kulala mchana. Alikula nusu sahani. Akiulizwa ana nini, alisema hana kitu, na hilo ndilo lililomtisha mkewe, kwa sababu lilikuwa kweli.

Alimpeleka kwa daktari. Daktari alimpima vizuri, kwa muda ambao kule walikotoka wasingeupata hata kwa kuomba. Mke alitafsiri alichoweza. Moyo umechoka, alisema daktari. Anywe dawa, asibebe vizito, asikae kwenye joto kali.

Walipotoka nje Fundi alisema, "Umenileta nchi ya joto, mwenzio naambiwa nisikae kwenye joto." Alicheka kidogo, na mkewe akacheka naye, kwa kuwa ilikuwa siku nyingi hajasikia utani wake.

Kisha Fundi akabadilika. Alianza kuamka mapema, kunyoa, kuvaa viatu vya kufunga. Alisema anakwenda kutembea bustanini. Alirudi adhuhuri na njaa ya kweli, akimaliza sahani na kuomba nyingine. Mkewe alifurahi, lakini hakuwa mtoto. Mashati yake yalikuwa na harufu ya masizi. Mtu harudi na masizi kutoka bustanini.

Asubuhi moja alimfuata kwa mbali. Fundi alipita bustani bila hata kuitupia jicho, akaingia mtaa wa nyuma wenye magereji na maghala, akasimama kwenye mlango wa dobi kubwa, mahali pa kufulia mashuka ya hoteli. Ndani kulikuwa na mvuke mzito kama ukungu. Mkewe alichungulia kupitia dirisha lililovunjika kioo. Aliona mashine zinazunguka, wanawake wakikunja mashuka wawili wawili, na kwenye kona ya mwisho, bwela kuukuu limesimama kama ng'ombe mzee. Fundi alikuwa mbele yake kavaa vazi la kazi la kuazima, sikio lake karibu na bomba. Mwenye dobi, mtu mnene aliyevaa taulo shingoni, alikuwa akimwuliza kitu kwa lugha yake. Fundi akamjibu kwa lugha yake mwenyewe. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake na wote walikuwa wanatikisa vichwa kukubaliana. Kisha Fundi akafungua vali, akageuka, na mkewe akauona uso wake. Ulikuwa ule uso wa zamani.

Mkewe alirudi nyumbani, akakaa jikoni muda mrefu. Kazi za ndani zilimngoja lakini hakugusa kitu. Alijua alichosema daktari, kwa maana maneno yale yalipita mdomoni mwake. Alijua pia alichokiona.

Fundi aliporudi, mkewe akamwekea chakula, akamwacha ale kwanza.

"Bustani inaendeleaje?"

Fundi aliacha kutafuna. "Umenifuata."

"Nimekufuata."

"Hawanilipi. Nilipita tu siku moja nikalisikia bwela linavyokohoa. Mwenye nalo hajui kulilisha, anashindilia tu."

"Daktari alisemaje, Fundi?"

"Alisema nipumzike. Nimepumzika mpaka nimechoka." Alisukuma sahani. "Sikiliza, mke wangu. Kule nilikuwa naamka nikijua nisipofika, kuna watu watatetemeka. Hapa joto ni la bure. Linashuka tu kutoka juu, kila mtu analo, hakuna anayenihitaji. Wewe umepata mikono. Sikuonei wivu, Mungu ni shahidi. Lakini mimi nimekaa kwenye baraza ile nikajiona nakuwa kiti."

Mkewe alikuwa na maneno tele. Angeweza kumwambia yeye anamhitaji. Lakini walikuwa wameoana muda mrefu mno kwa maneno ya namna hiyo, na alijua mumewe angemjibu kwamba hilo ni jambo jingine.

"Asubuhi tu," alisema. "Jua likipanda, uko nyumbani. Na msimu wa joto ukifika unaacha."

"Asubuhi tu," alisema Fundi.

"Na binti tusimwambie. Ataanza kupiga simu kila saa."

"Tusimwambie."

Ikawa hivyo. Ulikuwa wakati mzuri, labda mzuri kuliko wote tangu wahame. Mkewe alifua masizi bila kuuliza. Fundi alijifunza maneno machache ya lugha ya kule, yote ya mabomba na mengine ya matusi. Alirudi kabla ya adhuhuri, akaoga, akalala kidogo, jioni wakamwagilia nyanya pamoja.

Msimu wa joto ulifika na Fundi hakuacha. Alisema hoteli zimejaa wageni, mashuka ni mlima, ataacha wiki ijayo. Wiki ijayo ikasogea mbele. Mkewe alinuna, akampa mgongo kitandani siku mbili, kisha akachoka kununa. Asubuhi alimfungia chupa ya maji ya baridi kwenye kitambaa cheupe, akampa mlangoni. Alijiambia kwamba mtu anayejazwa maji hawezi kudhurika sana.

Asubuhi moja mwenye dobi alikuja mwenyewe. Alisimama langoni na taulo lake mkononi, analikunja na kulikunjua, na kabla hajafungua mdomo mke wa Fundi alikuwa ameshavaa viatu. Walimkuta Fundi hospitali, kwenye wodi yenye mapanka makubwa darini. Alikuwa ameanguka mbele ya bwela, asubuhi hata haijapevuka. Wanawake wa mashuka walimbeba kwa shuka la hoteli. Macho yalikuwa wazi ila hayakuwa yanamfuata mtu. Mkewe alikaa akimpepea kwa kifuniko cha boksi. Daktari alikuwa mpole, nesi alikuwa mpole, walifanya kila walichojua. Fundi alikufa siku ya pili, mchana, wakati mkewe amekwenda kujaza maji kwenye jagi.

Binti alifika na koti zito limening'inia mkononi, kwa sababu alitoka kwenye theluji akasahau kuliacha. Alimkumbatia mama yake, akamwachia haraka.

"Nimeongea na yule daktari kwa simu nikiwa uwanja wa ndege," alisema. "Kwa kubahatisha maneno. Anasema baba alikuwa anafanya kazi. Kwenye bwela."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua moyo wake ukoje. Wewe ndiye uliyetafsiri."

"Mimi ndiye."

"Na kila asubuhi ukamfungulia mlango." Binti hakupaza sauti. Kazini alikuwa amezoea kuzungumza na watu walio katika hali mbaya, na sasa alizungumza na mama yake vivyo hivyo, kwa utulivu uleule, na hilo liliuma kuliko kelele. "Mama, mimi nabeba watu wa namna hiyo kila siku. Najua wanavyoishia. Ungeniambia ningemzuia."

"Ungemzuia. Ungekuja kumkalisha tena pale barazani."

"Angekuwa hai."

Hilo lilikuwa kweli, na mama alilijua.

Walimvika wenyewe, kwenye chumba cha maiti. Mhudumu aliwapa shati jeupe na suruali, akawaachia nafasi. Binti alishika mkono wa baba yake akashindwa kuuingiza kwenye shati, akarudi nyuma akasimama ukutani. Mama akamaliza peke yake. Alifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, hata vile vidogo vya mikononi ambavyo ni vigumu kwa mtu yeyote. Binti alivitazama vidole vile vikifanya kazi. Mara ya mwisho alipowaaga, mama yake hakuweza hata kushika kijiko. Alitazama mpaka kola ilipolazwa, na alipogeuka machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini hasira haikuwa imemtoka.

Walimzika kwenye makaburi ya mji ule. Mwenye dobi alifunga dobi siku hiyo, akaja na wanawake wote wa mashuka. Walisimama kwenye jua kali bila kulalamika, wakamlilia mtu ambaye hawakuwahi kuelewana naye sentensi moja nzima.

Usiku ulipita, asubuhi binti akaanza kupanga mizigo ya mama yake.

"Unafanya nini?"

"Tunarudi nyumbani. Utakaa kwangu. Kuna chumba."

"Sirudi."

Binti alikunja gauni, akaliweka sandukuni. "Mlikuja kwa ajili ya mikono yako. Sawa. Baba alikubali, akaacha kila kitu. Sasa yeye hayupo. Unabaki kwa ajili ya nani?"

"Sibaki kwa ajili ya mtu. Huku naweza kujivalisha. Naweza kujipikia. Kule nitakaa kitandani kwako na soksi mikononi, nikikungoja utoke zamu."

"Nitakuwa nakuhudumia."

"Najua. Ndilo hilo ninaloliogopa."

"Umechagua jua, mama. Kwanza kuliko baba, sasa kuliko mimi."

Mama alilitoa gauni sandukuni, akalirudisha kabatini. Binti aliondoka siku ile ile, bila kula, na koti lake mkononi.

Miezi ikapita bila simu. Mama alipiga, simu ikaita ikakatika. Aliandika ujumbe mfupi, akajibiwa kwa ujumbe mfupi zaidi. Muuza mboga alimshauri aende mwenyewe, asingoje kuitwa. Kwa hiyo majira ya baridi yaliyofuata akapanda ndege.

Binti alimpokea vizuri, kama mtu anavyompokea mgeni wa kazini. Nyumba ilikuwa safi na hita ilikuwa inawaka kutwa, wala hakuna aliyetaja gharama. Siku mbili za kwanza walitembea, wakanunua viatu. Kisha mikono ikaanza. Mama aliificha chini ya meza, akasema hana njaa. Siku chache baadaye alikuwa hawezi kushika kikombe, na magoti yalikuwa yamevimba. Binti alimkatia chakula, akamlisha kwa kijiko, akamfuta mdomo. Alikuwa na mikono hodari na ya haraka ya mtu wa kazi ile. Mama alifungua mdomo akatazama dirishani.

Alimlisha hivyo hadi wiki ikaisha. Jioni moja, baada ya kuosha vyombo, binti akakaa mbele yake na simu mkononi.

"Nimekutafutia ndege ya kesho kutwa," alisema.

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi, mama." Aliweka simu mezani. "Sijui. Nikikuona hivi naelewa. Halafu namkumbuka baba, sielewi tena. Sitaki kudanganya kwamba yamekwisha."

"Usidanganye," alisema mama yake.

Binti alimpeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, theluji ikigonga kioo. Alimvalisha skafu, akamkabidhi kwa mhudumu wa kiti cha magurudumu, akasimama mpaka walipokata kona.

Nyumba ya ua aliikuta na vumbi, nyanya zimekauka. Ilichukua wiki mbili vidole kufunguka. Vilipofunguka alichukua jembe dogo, akaenda kupalilia kaburini, kisha akarudi akapanda nyanya nyingine. Mwenye dobi alikuwa amenunua bwela la umeme, lile la zamani likauzwa kama chuma chakavu. Mpishi naye akafariki mwaka huo huo, usingizini, na watoto wake hawakufika kwa wakati.

Siku hizi binti hupiga simu Jumapili, kama hayuko zamu. Huzungumza dakika chache. Humwuliza mama kama amekunywa dawa, kama mvua imenyesha, kama anakula. Mama humwuliza kama kazi imepungua, naye husema haijapungua. Baba hawamtaji. Kisha mmoja wao husema haya, basi, na mwingine naye husema haya.